Ekzosi ya Lori: Kukaza Zaidi si Dawa ya Kuvuja

Lori likibadilishiwa ekzosi, mwenye gari huuliza kwanza unene wa bomba na mlio wake. Habari ya viungo huja baadaye, moshi ukishaanza kutokea pasipopaswa. Fundi huitwa, hushika spana, hukaza nati kidogo, kelele inatulia na gari linaondoka. Baada ya muda masizi yanarudi pale pale. Sisi tunaofundisha kazi hii tukifungua kiungo cha namna hiyo, mara nyingi tunakuta nati hazina kosa lolote. Bomba ndilo linalovutwa.

Chuma cha kawaida hurefuka takribani milimita 1.2 kwa kila mita moja joto linapopanda nyuzi 100 za Selsiasi. Bomba la mita 3 lililopanda nyuzi 300 linakuwa limeongezeka karibu milimita 11, na likiwa la chuma kisichoshika kutu huongezeka zaidi, yapata milimita 15. Injini ikizimwa, linarudi. Urefu huo lazima upate pa kwenda. Usipopata, unasukuma kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote, leo, kesho na kila gari linapowashwa.

Juu ya hayo, injini ya lori imekaa kwenye mipira na hucheza, lakini sailensa imefungwa kwenye chasi, na chasi nayo hujipinda gari likipita mashimoni na mzigo. Kwa hiyo kati ya injini na chasi huwekwa kipande cha bomba kinachonyumbulika. Kazi yake ni kumeza mtikisiko na mrefuko, basi. Mafundi wengi hukitumia kunyoosha mambo: bomba la mbele na la nyuma hayatazamani, kipande kinapindwa mpaka yakutane. Kinakutanisha kweli, ila uwezo wake wa kucheza umekwisha kabla gari halijatoka karakana. Mikunjo yake itapasuka, au kiungo cha jirani kitaanza kupumua.

Kwa hiyo unapofunga mfumo mpya, upachike wote ukiwa umelegea kwanza, kuanzia kwenye turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa) hadi mwisho wa bomba. Nati ziingie kwa vidole tu. Kisha hakikisha kila hanga, yaani kishikio kinachoning'iniza bomba, limebeba uzito wake, na kwamba hakuna bomba linalogusa chasi, nyaya, mabomba ya breki au tanki. Sasa fanya jaribio moja ambalo halihitaji chombo chochote: achia kiungo, ondoa mkono. Bomba likibaki mahali pake, endelea. Likishuka au kuruka pembeni, usiliinue kwa jeki ili ulifunge kwa nguvu. Rekebisha hanga, au kata bomba upya. Mpangilio ukishatulia, kaza kutoka mbele kwenda nyuma, bomba lizidi kujilaza lenyewe kadiri unavyosogea.

Aina ya kiungo nayo ina neno lake. Pale bomba linapoingia ndani ya jingine, bomba linalotoka upande wa injini ndilo liingie ndani ya linalofuata, ili moshi upite bila kugonga ukingo. Liingie sentimita 5 hivi, na kama bomba la nje lina mipasuo, la ndani livuke mwisho wa mipasuo hiyo; lisipovuka, moshi una mlango ulio wazi, hata ukikaza mpaka bolti ikatike. Klampu (kibano cha bomba) ya umbo la U ni rahisi na ipo kila mahali, lakini hung'ata bomba na kuacha mfereji, na siku ya kulifungua utahitaji msumeno. Kwa lori linalofanya kazi kweli, mimi hupendekeza klampu pana ya mkanda, inayobana kuzunguka bomba lote. Ikishabanwa hujikunja kufuata umbo la kiungo, kwa hiyo ukiifungua weka mpya.

Klampu ya V, ile ya kwenye turbo, inahitaji uangalifu wa peke yake. Haikutengenezwa kuvuta kingo mbili zilizoachana zikutane. Kingo ziwe safi, zikae uso kwa uso, ndipo klampu ivishwe. Kaza kidogo, gonga mzunguko wake taratibu kwa nyundo ya mpira ili ikae, kaza tena kwa kipimo cha mtengenezaji.

Kwenye flenji, yaani bamba la mwisho wa bomba linalofungwa kwa bolti, adui ni uso usio sawa. Kwangua mabaki yote ya gasketi ya zamani (kizibo chembamba kinachokaa kati ya flenji mbili), kisha laza rula ya chuma iliyonyooka juu yake na utazame kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya katikati, flenji imepinda, na gasketi mpya itaungua pale pale ilipoungua ya kwanza. Gasketi iliyokwisha kubanwa isirudishwe, hata kama inaonekana nzima. Bolti zikazwe kwa kuvuka, ya upande huu kisha ya upande wa pili, kwa awamu.

Silikoni ya kopo, hata ile nyekundu inayouzwa kwa ajili ya joto kali, haikutengenezwa kwa joto linalozidi nyuzi 350, na manifoldi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, ya injini ya dizeli iliyobeba mzigo huzidi nyuzi 500. Imeandikwa joto kali, lakini joto la nani?

Kuhusu bomba nene, yaani lenye kipenyo kikubwa: kwenye injini ya dizeli yenye turbo, kupunguza mgandamizo baada ya turbo kuna faida, na sailensa iliyoziba masizi huiba nguvu kweli. Bomba likishatosha, kulinenepesha zaidi kunaongeza kelele na uzito tu. Pima mgandamizo kwa geji kabla ya sailensa, linganisha na kiwango cha mtengenezaji wa injini, ndipo uamue kununua. Kuondoa kichujio cha masizi kwa jina la kuboresha ni jambo jingine kabisa, na katika nchi nyingi ni kosa kisheria. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa dizeli mwaka 2012 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kuvuja si kelele tu. Upenyo kabla ya turbo unapunguza nguvu ya kuizungusha, gari linakuwa zito mlimani na kutoa moshi mweusi. Upenyo kabla ya kichujio hupoteza joto ambalo kichujio kinalihitaji kuchoma masizi yake. Halafu kuna kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu. Dizeli hutoa kidogo kuliko petroli, lakini gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Dereva na utingo wakiumwa kichwa pamoja, wakahisi kizunguzungu na kichefuchefu, wakishuka wanapata nafuu, tatizo lisitafutwe kwenye chakula. Wasilale tena ndani ya kabini injini ikiwaka hadi mfumo ukaguliwe.

Kuvuja hutafutwa asubuhi, injini ikiwa baridi. Mlio wa tik-tik unaosikika gari likiwashwa na kupotea likipata joto ni chuma kinachotanuka na kuziba upenyo kwa muda. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, puliza hewa ya nguvu ndogo kutoka mwisho wa bomba, kwa mfano kwa upande wa kupulizia wa mashine ya kufyonza vumbi, kisha paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Kama lori lina breki ya ekzosi, yaani vali inayoziba njia ya moshi ili kupunguza mwendo, kumbuka kwamba ikifungwa gari likiteremka, mgandamizo kati yake na injini hupanda hadi bar kadhaa. Kiungo kilicho kimya gereji kinaweza kuvuja mlimani tu, kwa hiyo baada ya safari ya mteremko tafuta alama za masizi kati ya injini na breki hiyo.

Mfumo mpya ukaguliwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, ukiwa umepoa. Nati zilizolegea kidogo zirudishwe kwenye kipimo chake. Hilo ni la kawaida, gasketi na klampu zimejilaza. Zikilegea tena safari ya pili, weka spana chini, legeza kiungo hicho chote, na uangalie bomba linaelekea wapi.