Mfuate mpigaji, jina la bendi utalijua baadaye

Jioni moja nilikuwa nakunja waya ndani ya Ngome Kongwe, onyesho limekwisha, akanijia msichana mmoja mwanafunzi wa chuo, begi la vitabu bado liko mgongoni. "Shikamoo ami. Nataka kuzijua bendi nzuri za hapa Unguja. Naomba uniandikie majina." Nikamuuliza, katika wote waliopiga usiku ule, nani aliyemkamata sikio? Akafikiri. "Yule mzee wa nai, ile filimbi ya mwanzi." Nikamwambia basi asiandike jina la bendi hata moja. Amwandike mzee wa nai, amtafute anapiga wapi tena.

Mimi ni fundi mitambo. Miaka yangu mingi nimeikaa nyuma ya miksa, kwenye mahoteli, kwenye maharusi, kwenye matamasha. Msikilizaji hupokea muziki ukiwa umeshachanganywa, lakini mie nausikia waya kwa waya: udi wa nyuzi peke yake, fidla peke yake, rika, lile tari dogo la mkononi, peke yake, ndipo niuchanganye. Ukiusikia hivyo kwa muda mrefu unaanza kugundua kwamba Unguja majina ya bendi ni mengi kuliko wapigaji. Mkono ule ule wa fidla unaousikia leo kwenye taarab, kesho utaukuta harusini kwenye kidumbak, keshokutwa uko hotelini kwenye bendi yenye gitaa la umeme na jina jipya kabisa. Bendi huvunjika, hubadilisha jina, hukaa kimya mwaka mzima. Mpigaji yupo, na ukimjua mmoja atakupeleka kwa wengine.

Mie mwenyewe nilianza hivyo bila kukusudia. Nilikuwa najifunza ufundi umeme, mfukoni sina kitu, nikaalikwa harusi Jang'ombe kuwasaidia kuvuta taa. Usiku wakaja watu wa kidumbak. Kama hujawahi kukiona, kidumbak ni muziki unaobebeka mkononi: ngoma mbili ndogo ambazo ndizo zilizoupa jina, cherewa za vifuu vya nazi, vijiti vya mikwasa, fidla moja, na sanduku, yaani kasha la mbao lenye mti na kamba, ambalo ndilo besi. Hakuna umeme hata tone, na ukumbi mzima unatikisika. Mpiga fidla wa usiku ule alikuwa na tabia yake. Akifika mwisho wa mstari haikati sauti, anaiteremsha polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akiipapasa kwa mguu.

Wiki chache baadaye napita Vuga usiku, nikaisikia sauti ile ile inashuka ngazi, safari hii inatoka dirishani kwa Culture Musical Club, na nyuma yake ziko fidla nyingine, ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, akodiani na besi kubwa ya kusimama. Nikasimama chini ya dirisha mpaka mzee mmoja akanitolea kichwa: "Kijana, mbona unapigwa na baridi nje? Ingia ukae." Taarab nilikuwa naisikia redioni tangu utoto na sikuwahi kuijali. Usiku ule niliijali, kwa sababu ndani yake yumo mtu ninayemjua kwa sauti. Kwa kumfuata yeye peke yake nilifika kwenye bendi nne kabla mwaka haujaisha.

Kwa hiyo mwanafunzi akiniuliza aanzie wapi, namwelekeza kwenye chemchemi tatu. Ya kwanza ni Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya tangu 1905, wenyewe tunaiita Malindi. Ya pili ni hiyo Culture, ya mwaka 1958. Ya tatu ni chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa 2002, ambako vijana wanafundishwa udi, fidla, ganuni na ngoma za kwetu. Wapigaji wengi utakaowaona kwenye majukwaa ya mji huu wamepita kwenye mojawapo ya milango hiyo, na wengine zaidi ya mmoja. Mchukue Rajab Suleiman. Aliyemzoea akipiga ganuni ndani ya Culture hakuhitaji tangazo lolote kulijua kundi lake la Kithara, masikio yake yalimfikisha. Wakichoka uzito wa okestra nzima, vijana wa chuo cha muziki nao huunda vikundi vyao. Siti and the Band walianza hivyo mwaka 2015, udi na ganuni vikakaa pamoja na midundo mipya. TaraJazz jina lao limeshasema kila kitu, na mbele yao iko fidla.

Hata wakubwa waliotutangulia walipatikana kwa njia ya sikio. Bi Kidude, mwimbaji aliyefariki 2013, alizibeba mpaka uzeeni nyimbo alizozisikia kwa Siti binti Saad, yule mwana wa Fumba aliyevuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928.

Sasa, wapi utawasikia kwa fedha ya mwanafunzi? Kwanza ni mazoezini, na hapa nasisitiza, kwa sababu wanafunzi wengi hawajui kwamba mazoezi ya klabu yanasikilizwa. Nenda, bisha hodi, salimia wakubwa, kaa ukutani. Usichukue video bila kuomba. Utaona wimbo ukivunjwa vipande, mstari mmoja unarudiwa mara sita kwa sababu fidla ya pili imechelewa kuingia, na mwalimu wao anaimba kwa mdomo kile anachotaka nai ifanye. Hakuna onyesho litakalokufundisha kusikiliza kama hivyo. Na ukiwa na adabu, mara ya tatu watakuuliza wewe mtoto wa nani, na mara ya nne watakwambia wenyewe wapi wanapiga Jumamosi.

Pili ni saundi cheki. Onyesho la usiku hutanguliwa na saa moja au mbili za kupima mitambo jioni, na kwenye kumbi nyingi za wazi ukipita nje unasikia kila kitu. Hapo utawasikia wapigaji mmoja mmoja kama ninavyowasikia mie. Namwambia mpiga udi apige, kimya, kisha ngoma, kimya, kisha sauti ya mwimbaji. Chagua mmoja, mkumbuke, na usiku umtafute ndani ya mchanganyiko. Ni zoezi zuri sana la sikio na halina kiingilio.

Harusi ukialikwa usiikatae. Siku za Idi nazo, baada ya ukimya wa Ramadhani, ni za kwenda mjini ukiwa umetega masikio. Na watoto wa Pemba walioko vyuoni Unguja, mkirudi likizo msiache kwenda kuangalia ngoma ya msewe, ile ambayo wachezaji hujifunga miguuni misewe inayolia wakikanyaga, wakawa wao wenyewe ndio ala. Nimewahi kutega maiki chini, karibu na miguu yao, na sijapata sauti nzuri kama ile kwenye mtambo wowote.

Halafu liko tamasha la Sauti za Busara, kila Februari, tangu 2004. Sina haja ya kuwatangazia, bendi za Afrika nzima zinapita pale, na Watanzania hutozwa kiingilio cha chini kuliko wageni. Ninachokipenda zaidi ni kwamba wanataka muziki upigwe, hapana pleibeki. Nimeshafanya kazi nyingi ambazo mwimbaji anakuja na flashi, naichomeka, naye anafumbua mdomo juu ya sauti yake mwenyewe aliyoirekodi studio. Siwalaumu vijana wa Zenji Flava, muziki wa kizazi kipya wa hapa kwetu, kumlipa mpiga ngoma ni gharama. Lakini nawaambia wanafunzi kwa moyo wangu wote: ukilipa kiingilio ukakuta flashi, hukusikiliza muziki wa usiku ule, umesikiliza wa siku nyingine. Muziki laivu unaweza kukosea, na kwa sababu unaweza kukosea, mwimbaji akiipata ile sauti ya juu ukumbi mzima unapumua naye.

Lakini msilifanye tamasha kuwa mlango wenu pekee. Mwaka 2016 halikufanyika, fedha hazikutosha. Februari ile Ngome ilikuwa kimya. Waliokuwa wanaufahamu muziki kwa tamasha tu walikaa mwaka mzima bila kitu. Waliokuwa wanamfahamu mpigaji waliendelea kumfuata mazoezini kama kawaida.

Ukiwa ndani ya Ngome, chagua pa kusimama. Zile ni kuta za mawe, zilizojengwa baada ya Waomani kuwatoa Wareno, na hazikujengwa kwa ajili ya spika. Sauti hukimbia kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Ukuta ukiwa mita 17 nyuma yako, mpigo wa ngoma unakupita, unagonga jiwe, unakurudia sehemu moja ya kumi ya sekunde baadaye, na tayari maneno ya wimbo yameshavurugika. Usiegemee ukuta wa nyuma. Usisimame mbele ya spika pia, pale utasikia upande mmoja tu. Njoo karibu na meza ya miksa. Fundi anachanganya kwa masikio yake, kwa hiyo pale alipo yeye ndipo muziki ulipokaa sawa.

Na sikio lenyewe ulilinde. Sauti ya desibeli 85 sikio huivumilia kwa muda wa saa 8. Kila ikipanda desibeli 3 muda unakatika nusu, hivyo ikifika 100, ambayo si ajabu karibu na spika, umebakiwa na dakika 15. Vizibo vya sponji havina bei kubwa na vinakaa kwenye mkoba wa kalamu. Ukiamka asubuhi masikio yanalia, hayo ni majeruhi, jana ulisimama pabaya. Nimefanya kazi na mafundi hodari ambao leo hawaisikii tena rika. Inaniuma kila nikiwakumbuka.

Kwenye taarab, sikiliza bashrafu. Ni kipande cha ala tupu kinachofungua usiku, na wengi hukitumia kutafuta viti na kusalimiana. Hapo ndipo kila mpigaji anajitambulisha. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na upande wa kushoto mna vikingo vidogo ambavyo mpigaji huviinua na kuvilaza kwa kidole kubadili sauti katikati ya wimbo. Mwangalie mkono huo wa kushoto. Maqam, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, kama rasti na bayati zina sauti zinazokaa katikati, robo sauti, ambazo fidla, udi na ganuni wanazipata. Akodiani ya kawaida haina kitufe chake. Wimbo ukikaribia pale huwa natega sikio nisikie mtu wa akodiani atafanya nini, atanyamaza, atapita pembeni, au atamwachia fidla. Ukishalisikia hilo mara moja hutaacha kulisikia.

Na kutunza, yaani kumpa mwimbaji fedha akiimba, usikuogope. Mwimbaji akifika kwenye ubeti unaosema la moyoni mwako, inuka, nenda kwa mwendo wa wimbo, mpe mkononi, rudi. Noti ndogo ya mwanafunzi inapokelewa kwa heshima ile ile. Ila jua kwamba ubeti uliouchagua watu wameuona, na wapo watakaojiuliza ulikuwa unamwambia nani.

Kuhusu kurudi, kwa mnaokaa Tunguu, nje ya mji: daladala hazikusubiri muziki uishe. Nendeni kundi, gari ya kurudi mpatane kabla ya kuingia, na muwe mmeshajua geti la dahalia linafungwa saa ngapi. Wasichana, waageni nyumbani mapema ili usiku usiwe wa simu na wasiwasi. Kuna nyimbo hupigwa mwisho na ndizo nzuri zaidi, inasikitisha kuona watu wakitoka mbio zikianza.

Yule msichana wa begi la vitabu niliendelea kumwona. Mara yuko kona ya ukumbi wa hoteli, mara mazoezini, mara kwenye hadhara ya Idi, kila penye mzee wa nai. Miezi mitatu au minne ikapita. Usiku mmoja, bashrafu haijafika nusu, akaja mpaka kwenye meza yangu, akainama sikioni: "Ami, leo mpiga nai si yule." Kutoka pale aliposimama hakuweza kuziona sura, mbele yake palikuwa pamejaa watu. Nikamwambia ni kweli, mzee ana homa, kamtuma kijana wake.

"Anapuliza taratibu zaidi," akasema.

Alikuwa amesikia sawa. Nikaipandisha nai kidogo kwenye miksa, akabaki amesimama pale pale mpaka wimbo wa mwisho.