Joto la Japani na likizo ya familia: mambo mnayoambiwa ambayo sio kweli

Kila likizo ya shule ikikaribia, wanaopanga kwenda Japani na watoto wanaanza kupeana ushauri, mwingine mzuri na mwingine wa hatari kabisa, na unaorudiwa zaidi ni huu: "sisi wa Dar na Mombasa joto tumelizaliwa, litatufanya nini?"

Hapana jamani. Angalieni kalenda kwanza. Likizo ya Tanzania inaanza Juni, ya Kenya inaangukia Agosti, na huo kwetu ni msimu wa kipupwe, Nairobi na Arusha watu wako na masweta na hata Dar feni inapumzika kidogo usiku. Mwili unazoea joto ukikaa nalo, unahitaji kama wiki moja hadi mbili, na ukitoka kwenye baridi yale mazoea yanapungua, kwa hiyo mnashuka Tokyo au Osaka na miili ya kipupwe katikati ya joto kali la mwaka. Halafu tuseme ukweli, huku nyumbani nani anatembea kilomita sita juu ya lami saa saba mchana? Mtu yuko kivulini, yuko dukani, anasubiri jua lipungue, na pwani kuna upepo wa bahari. Mtalii anafanya kinyume chake, ratiba imeandika hekalu saa saba basi anatoka saa saba hiyo hiyo, na watoto nyuma.

Na Kyoto ndio kabisa, mji umezungukwa na milima pande tatu, upepo hafifu, ni fukuto tu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi jasho halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi hata ukiwa umelowa chapachapa. Rekodi ya Japani kwa sasa ni nyuzi 41.8, ilipimwa Isesaki mkoa wa Gunma tarehe 5 Agosti 2025, ila msiangalie nyuzi peke yake. Wenyeji wanafuata kipimo kinaitwa WBGT kinachojumlisha joto, unyevu na ukali wa jua, na tangu 2021 serikali inatoa tahadhari ya nchi nzima kwa mikoa ambayo kipimo hicho kinatarajiwa kufika 33. Hiyo 33 sio nyuzi 33 za kawaida, ni kali kuliko hivyo, siku ya tahadhari mtoto hatakiwi kuzurura nje mchana basi.

Wengine wanaruka upande wa pili, "basi msiende, subirini maua ya mcheri". Nalo sio kweli, kwa sababu sio kila familia inapata likizo ya shule wakati wa maua, na Japani ya joto inawezekana vizuri tu mkibadilisha saa zenu. Tokyo mwezi wa sita jua linachomoza kama saa kumi na nusu alfajiri, mapema Agosti bado ni kabla ya saa kumi na moja. Hekalu la Fushimi Inari kule Kyoto, lile lenye mageti mekundu yanayopanda mlima, halifungwi usiku wala mchana. Hekalu la Kiyomizu-dera, Kyoto hapo hapo, linafungua saa kumi na mbili asubuhi. Viwanja vya hekalu la Senso-ji pale Asakusa, Tokyo, mnaingia muda wowote. Mkitoka saa kumi na moja na nusu mnapata masaa matatu ya hewa inayovumilika na picha bila msongamano, kitu ambacho wanaokuja saa nne hawakipati hata wakilipia, halafu mnarudi, mnaoga, watoto wanalala, na mnatoka tena saa kumi na moja jioni. Jioni ndio raha ya msimu huu hasa, mwezi wa saba Kyoto kuna tamasha la Gion, na Tokyo fataki za mto Sumida Jumamosi ya mwisho ya Julai.

Mchana ni wa ndani. Kuna makumbusho ya treni Omiya karibu na Tokyo na mengine Kyoto, mtoto anayependa treni mtamtoa kwa nguvu, na Osaka kuna jumba la samaki la Kaiyukan lenye papa potwe, wale wale wa Mafia, wanapita mbele ya kioo na nyinyi mko kwenye kiyoyozi.

Kuna na hii: "Okinawa iko kusini kabisa kwa hiyo ndio jehanamu, Hokkaido ya kaskazini ndio friji." Naha, mji mkuu wa Okinawa, ni nadra kugusa nyuzi 35 kwa sababu bahari imeizunguka, Kyoto inazipita mara nyingi tu kila mwaka. Jua la Okinawa linachoma, na vimbunga vinapita huko, hilo kweli. Hokkaido ina nafuu, na ile mvua ndefu ya Juni hadi Julai inayonyesha Honshu, kisiwa kikuu, kule haiko kihivyo, ila Agosti 2023 hata Sapporo, mji wake mkuu, ilivuka nyuzi 36. Mi ningewaambia fuateni milima, joto linashuka kama nyuzi sita kila mita 1,000 mnazopanda. Bonde la Kamikochi liko mita 1,500 hivi, ziwa Chuzenji juu ya mji wa Nikko liko mita 1,269 na maporomoko ya Kegon ya mita 97 yako hapo hapo, na kutoka Tokyo ni safari ya masaa matatu hivi. Siku mbili huko katikati ya safari zinaokoa familia nzima. Ila mlima Fuji msiuchukulie poa eti ni majira ya joto, kileleni mita 3,776 wastani wa Julai ni kama nyuzi 5, na tangu 2025 njia zote za kupanda mnalipia yen 4,000 kwa mtu, sio mahali pa kupeleka mtoto mdogo kwa kaptula.

Sasa hii ya kigari cha mtoto inaniumiza kweli. Watu wanasema mtoto kwenye kigari yuko salama maana hatembei. Wakati lami inatema joto kutoka chini, na yeye ndio yuko karibu nayo kuliko wewe, hewa anayovuta ina joto zaidi ya unayovuta wewe uliyesimama. Na kumfunika kigari kwa kanga ili asipigwe jua ni vibaya zaidi, hewa haipiti, ndani panakuwa oveni. Mwavuli, kivuli, kitambaa kibichi shingoni, na mguse mgongo kila baada ya dakika chache. Mtoto akiwa na mwili wa moto, anatapika, anaongea vitu havieleweki au hajibu vizuri, msisubiri, pigeni 119, namba ya dharura, huku mnampooza kwa maji na upepo. Gari la wagonjwa lenyewe halina nauli, hospitali ndio mtalipa, kwa hiyo bima ya safari kateni kabla ya kuondoka.

Feni ndogo za mkononi wanauza kila kona, na watu wanadhani zinatosha. Hewa ikishapita nyuzi 35 feni inakupulizia joto tu, lowesha ngozi kwanza ndio ifanye kazi. Maji matupu nayo hayatoshi ukitoka jasho siku nzima, chumvi inatoka pia, nunueni vinywaji vyenye chumvi kama Pocari Sweat, mashine za kuuzia ziko kila mtaa. Maji ya bomba ni salama, jazeni chupa hotelini.

Kuhusu mavazi, akina mama wa hijabu msiogope. Kitambaa chepesi, kipana, cha mikono mirefu kinakinga jua, na wanawake wa Kijapani wenyewe wanavaa mikono ya kuvalia juu na glovu za jua, na wanaume wengi siku hizi wanatembea na miavuli ya jua.

Mwisho ni ile tiketi ya JR Pass, inayokupandisha treni za JR nchi nzima kwa siku kadhaa, "bila hiyo Japani hamuiwezi". Oktoba 2023 ya siku 7 ilipanda kutoka yen 29,650 mpaka 50,000. Tokyo hadi Kyoto kwa treni ya kasi ni kama yen 14,000 kwenda, kwenda na kurudi 28,000, watoto wa miaka 6 hadi 11 nusu nauli, wa chini ya hapo bure wasipochukua siti yao. Kinachonikera zaidi ni kwamba mtu akishalipa 50,000 anataka zirudi, kila siku mji mpya, kila siku stesheni na mabegi kwenye fukuto. Kaeni miji miwili, mabegi mtume kwa huduma ya kusafirisha mizigo hoteli hadi hoteli, yanafika kesho yake. Na kama tarehe zenu zinagusa sikukuu ya Obon, katikati ya Agosti, kateni siti mapema, wenyeji wote wanarudi kwao wiki hiyo na treni zinajaa mpaka milangoni.