Lamu haikuanza na Waarabu
Ukishuka gatini Lamu, ukaona kofia za vito, zile za kudariziwa kwa mkono, na milango ya nakshi, hukosi mtu wa kukwambia mji huu ni wa Waarabu. Ndivyo tulivyokaririshwa. Lakini msikilize mwenye punda akiomba "ndia", yaani njia: hicho ni Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya Lamu, na sarufi yake ni ya Kibantu.

Mifupa nayo imesema. Mwaka 2023 watafiti walichapisha vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wa miji ya pwani, wakiwamo wa Manda na Faza, majirani wa Lamu. Kwa mama, asili kubwa ni Afrika. Kwa baba, wengi Uajemi (si Arabuni!), mchanganyiko ulioanza kama mwaka 1000. Asili ya Arabuni iliongezeka baada ya 1500.