Povu puani halimtaji muuaji

Wiki hii tena. Baba mdogo wa marehemu kanidaka mlangoni mwa mochwari kabla sijavaa hata glovu, kaninyooshea simu: picha ya mwanawe kitandani, povu jeupe limemjaa puani. "Dokta, mwenyewe unaona. Hii si sumu hii?" Nyuma yake, chini ya mwarobaini, mjane amekaa benchi peke yake. Wanawake wengine wote wako kwenye mkeka upande wa pili. Hukumu ilishatoka huko Mbagala kabla mwili haujanifikia.

Nimechoka na povu.

Mapafu yakijaa majimaji, na mtu bado anahangaika kuvuta pumzi, majimaji yale yanachapwa na hewa kama yai kwenye bakuli, povu linapanda. Basi. Linakwambia mapafu yalijaa maji, aliyeyajaza halimtaji. Moyo uliochoshwa na presha ya miaka hufanya hivyo. Aliyezama baharini hutoka povu. Mwenye kifafa hutoka povu. Kijana aliyezidisha unga, povu. Na aliyekunywa dawa ya wadudu wa shambani naye hutoka povu, tena na mate na kamasi tele, na mara nyingine tumbo linanuka kemikali ukilifungua tu. Sisemi povu si kitu. Nasema haliwezi kumtoa mjane mkekani.

"Si mkipasua mtaiona?" Sumu nyingi hazionekani kwa macho, ndugu zangu. Ninachofanya ni kuchukua damu, mkojo, kipande cha ini, cha figo, na vilivyomo tumboni. Vinafungwa kwa lakiri, polisi wanavipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Visitiwe formalini, ile dawa ya kuhifadhi maiti isioze, maana ukivitia umeharibu kipimo. Mkemia naye hapigi ramli, inamsaidia sana kujua atafute nini. Ndiyo maana kila siku naomba chupa, kikombe, sufuria. Jibu? "Tumeshaviosha, Dokta, msibani watu wengi."

Na uchunguzi siuanzishi mimi wala ukoo. Kifo kikiwa na utata polisi wanaleta fomu, na kwa sheria ya uchunguzi wa vifo ya 1980, korona, yaani msimamizi wa uchunguzi wa kifo, ni hakimu. (Neno lenyewe limeharibika tangu 2020; ukilitaja watu wanatafuta barakoa.) Mimi natoa chanzo cha kifo. Nani kafanya nini, wapo wa kuuliza.

Saa ya kufa ndiyo usiniulize kabisa. Vitabu vyetu viliandikwa na watu wa nchi za baridi: mwili hupoa kama digrii moja kwa saa, wanasema. Chumba cha bati Dar, mchana wa Februari, kina digrii 32 na zaidi. Mwili wa digrii 37 upoe uende wapi? Mahakamani natoa upana wa nusu siku, na wakili ananitazama kama nimenunua cheti.

Kuna maiti nimezifungua kote, nimepima kila kitu, sikuona chochote. Kifafa chaweza kuua na kuondoka bila alama, labda ulimi uliong'atwa, na wakati mwingine hata huo ni mzima. Hapo naandika "chanzo hakijabainika", na mkono unakuwa mzito.

Huyu wa Mbagala moyo wake ulikuwa gramu 560. Wa mwanamume mzima huwa kama 300 hadi 350. Mapafu mazito, ukikata yanachuruzika. Vidonge vya presha, mjane akaniambia, aliacha tangu Ramadhani. "Alisema anajisikia mzima." Sampuli nimezituma vilevile, kwa kuwa moyo mkubwa haumkingi mtu na sumu. Majibu bado.

Nikamweleza baba mdogo yote hayo, polepole, hadi mfano wa yai. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akashusha sauti: "Sawa, Dokta. Na ule mgongo mweusi? Si alipigwa ule?"

Nikavuta benchi. Nikamwambia damu isiyosukumwa hushuka ilipo chini, ikatulia hapo, ngozi ikageuka rangi.

"Mlimkuta kalalaje?"

"Chali."

"Toka saa ngapi?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole.