Transista za nguvu za zamani zisizo na karatasi ya vipimo: dhana potofu na ukweli

Dhana inayowapotosha mafundi wengi wa amplifaya ni kwamba maandishi yaliyo juu ya transista ndiyo jina lake kamili, na kwamba jina hilo lisipopatikana popote basi kifaa hakitambuliki tena. Ukweli ni kwamba maandishi hayo mara nyingi ni jina lililokatwa. Katika utaratibu wa Japani transista husajiliwa kwa kuanza na 2SA, 2SB, 2SC au 2SD, lakini juu ya ganda "2S" huachwa, hivyo iliyoandikwa C5200 ni 2SC5200, na mwenzake A1943 ni 2SA1943. Hiyo herufi iliyobaki imekwisha kusema jambo kubwa: A na B ni PNP, C na D ni NPN, yaani aina mbili za transista ambazo mkondo wake hupita kwa mielekeo iliyo kinyume. Utaratibu wa Ulaya husema zaidi, kwa kuwa herufi ya kwanza hutaja malighafi, A ikiwa gerimani na B silikoni, na ya pili hutaja kazi, D ikiwa ya nguvu ya sauti. Ndiyo maana AD149 na BD139, ingawa zote ni za sauti, haziwezi kubadilishana nafasi. Ulio bubu ni utaratibu wa Marekani: namba 3055 katika 2N3055 ni zamu ya kusajiliwa tu.

Wako pia wanaosoma kila namba kama jina, ilhali tarakimu nne zilizosimama peke yake aghalabu ni tarehe ya kutengenezwa. Namba 7812 yaweza kuwa wiki ya 12 ya mwaka 1978. Kwa bahati mbaya ni pia jina la kidhibiti volteji cha volti 12 chenye miguu mitatu, na hapo macho hayatoshi.

Kuhusu ganda la chuma la TO-3, lenye matundu mawili ya skrubu, inaaminika kwamba ndani yake lazima iwe transista ya kawaida (yenye miguu ya besi, kolekta na emita) na kwamba ganda lenyewe ni kolekta. Kwa 2N3055 ni kweli. Kwa mosfeti (transista zinazoongozwa kwa volteji) za Hitachi 2SK135 na 2SJ50, zilizotumika sana katika amplifaya, ganda ni mguu uitwao sosi, na LM309K iliyo katika ganda lilelile ni kidhibiti cha volti 5.

Dhana ya kwamba transista inayotoa usomaji wa ajabu kwenye mita ya kupimia umeme imekufa imefanya vifaa vingi vizima vitupwe. Katika transista ya kawaida, besi ni mguu unaosoma kama dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kuelekea miguu yote miwili mingine, na upande wenye usomaji wa juu kidogo kwa kawaida ndio emita. Usomaji wa takriban volti 0.6 ni silikoni, wa 0.2 hadi 0.3 ni gerimani. Lakini Darlington kama TIP142, yaani transista mbili zilizounganishwa katika ganda moja, ina rezista ndani, hivyo kati ya besi na emita mita ikigeuzwa huonyesha kilo-ohmu kadhaa badala ya kukaa kimya. Hiyo ni alama ya ukoo wake, wala si ugonjwa.

Kipimo cha ukuzaji cha mita ya mkononi, kwa upande wake, hufanywa kwa mkondo mdogo mno na hakisemi lolote la maana kuhusu ampea 5.

Nionavyo, shahidi bora ni saketi yenyewe. Amplifaya yenye volti 40 chanya na 40 hasi inaweza kuiweka transista ya mwisho chini ya karibu volti 80, kwa hiyo mbadala wa volti 100 kwenda juu, wenye ampea na wati za kutosha, wa aina ileile ya NPN au PNP, utafaa hata kama jina la asili halitajulikana kamwe. Tahadhari ni kwa wanaodhani kwamba mbadala mwenye kasi zaidi ni bora daima: 2N3055 za mwanzo zilikuwa chini ya megahezi 1, ilhali 2SC5200 hufikia megahezi 30, na saketi iliyosanifiwa kwa kifaa cha kasi ndogo inaweza kuanza kuzalisha mawimbi yake yenyewe yasiyosikika, transista zikachemka bila muziki wowote kupigwa. Kwa sababu hiyo uwashaji wa kwanza hupitishwa kwenye balbu ya nyuzi iliyounganishwa kwa mfululizo na umeme wa ukutani: ikiwaka kidogo kisha ikafifia, kazi inaweza kuendelea, ikibaki inang'aa, umeme uzimwe mara moja.