"Injini Lazima Ibanwe": Dhana Potofu Kuhusu Ekzosi za Pikipiki za Zamani

Mtu ana Honda CB750 ya miaka ya 70. Ananunua ekzosi ya nne-kwa-moja, yaani mabomba manne ya injini yanayoungana kuwa moja, anaifunga Jumamosi, na Jumatatu yuko mlangoni kwa fundi: pikipiki imekuwa nzito ikiondoka, inakohoa katikati, mkono wa mafuta ukiachiwa inapiga baruti, yaani inalipuka kwenye ekzosi. Kisha inafuata sentensi ile ile, iwe ni mwenye CB350, XL125 au CG125: "Fundi, hii ekzosi haibani. Injini lazima ibanwe ili iwe na nguvu."

Tuanze na hiyo, maana ndiyo inayoharibu injini nyingi. Neno moja kwanza: nikisema sailensa nina maana ya kopo la nyuma linalopunguza kelele, si ile "silensa" ya gereji, yaani injini kuunguruma bila kukamuliwa.

"Injini lazima ibanwe"

Hakuna injini ya stroki nne inayofaidika kwa kuzuiwa moshi wake usitoke. Pistoni inapopanda kusukuma moshi nje, kila kizuizi kilichomo kwenye bomba ni kazi ya ziada kwa krenki, na moshi unaobaki silindani unakalia nafasi ya hewa mpya. Kama kubana kungekuwa nguvu, tungechomeka gunzi la mahindi kwenye ekzosi na kwenda kushindana.

Kinacholifanya bomba refu lenye kipimo kizuri lilishinde bomba fupi lililo wazi ni mawimbi ya shinikizo na kasi ya moshi. Valvu ya ekzosi ikifunguka, wimbi la shinikizo linakimbia ndani ya bomba. Likifika mahali bomba linapopanuka ghafla au linapoishia, linageuka na kurudi likiwa mvuto. Mvuto huo ukifika kwenye valvu katika ule muda mfupi ambao valvu zote mbili ziko wazi, unamalizia kufyonza moshi na kuanza kuvuta hewa mpya kabla pistoni haijashuka. Ukifika umechelewa au umewahi, haukusaidii, na wimbi la kusukuma likifika wakati huo linakurudishia moshi ndani.

Kila kitu hapo ni suala la muda. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, krenki inazunguka mara moja kwa sekunde 0.01. Katika moshi wa moto wimbi huenda kama mita 500 kwa sekunde, kwa hiyo katika mzunguko mmoja limekwenda mita 5. Bomba la sentimita 30 lililokatwa chini ya injini linafanya wimbi liende na kurudi mara nyingi hadi lichoke kabla halijahitajika. Bomba refu husaidia kwenye mizunguko ya chini na ya kati, fupi husaidia juu tu. Upana nao una kazi yake: bomba likiwa pana mno, moshi unapoteza kasi, na moshi usio na kasi hauvuti ulio nyuma yake.

Kwa hiyo ni kweli, bomba wazi hupoteza nguvu chini. Lakini kilichopotea ni wimbi lililokuwa likifika kwa wakati. Ile bolti watu wanayopitisha mdomoni mwa bomba wazi wakati mwingine hulainisha kukohoa, kwa kuwa inavuruga wimbi lililokuwa likifika vibaya. Inavuruga pia lile zuri. Hiyo si tiba.

Sababu ya pili ndiyo hutokea zaidi: mafuta. Ekzosi inayopumua vizuri inabadilisha hewa inayopita kwenye kabureta, na jeti zile za kiwandani, yaani vitundu vinavyopima mafuta kwenye kabureta, hazikupimwa kwa bomba hilo. Mchanganyiko unakonda, yaani hewa nyingi, mafuta machache. Mchanganyiko uliokonda unasitasita na kukosa nguvu, na mwenye pikipiki anadhani kakosa "mbano". Anaziba ekzosi, hewa inapungua, mchanganyiko unarudi karibu na ulivyokuwa, pikipiki inapata nafuu, na dhana inapata shahidi mwingine. Asipoziba akaendelea hivyo hivyo barabara ndefu, anachoma valvu ya ekzosi au anatoboa pistoni.

Kupima ni rahisi. Inua sindano ya kabureta, ile inayopanda na kushuka na mkono wa mafuta, kwa kushusha klipu yake mfereji mmoja. Baadhi ya kabureta za mwisho wa miaka ya 70 zina sindano yenye mfereji mmoja tu. Hapo weka washa (pete ya chuma) nyembamba ya nusu milimita chini ya klipu. Kwenye injini ya silinda nne fanya zote nne. Kama kukohoa kwa katikati kumepungua, tatizo lilikuwa mafuta, na mjadala wa kubana umekwisha.

"Ongeza jeti kwa namba tatu, basi"

Huu ushauri wa kubahatisha ni ndugu wa ule wa kwanza. Kabla ya kugusa jeti hata moja, injini iwe sawa kwanza. Kwa CB750 ya kamshafti moja: nafasi ya valvu 0.05 mm upande wa hewa na 0.08 mm upande wa ekzosi, injini ikiwa baridi kabisa, nafasi ya pointi 0.3 hadi 0.4 mm, taiming (wakati wa plagi kupiga cheche) ikaguliwe kwa taa, chujio la hewa liwe safi, kabureta nne zisawazishwe kwa geji. Ukibadilisha jeti kwenye injini yenye taiming iliyochelewa, unatibu ugonjwa usio wake.

Kisha ujue kila sehemu inatawala wapi. Jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko ni kuanzia mkono wa mafuta ukiwa umefungwa hadi robo. Sindano ni robo hadi robo tatu. Jeti kuu ni robo tatu hadi mwisho. Bandika utepe wa karatasi kwenye mkono wa mafuta, chora alama za robo, nusu na robo tatu, ili ukisema "inakohoa" uweze kusema inakohoa wapi. Mtu anayebadilisha jeti kuu kwa sababu pikipiki inakohoa ikiondoka amepoteza jioni yake.

Skrubu ya mchanganyiko pia ina pande mbili. Ikiwa upande wa injini, inatawala mafuta: kufungua ni kuongeza mafuta. Ikiwa upande wa chujio, inatawala hewa: kufungua ni kupunguza mafuta. Tazama iko wapi kabla ya kuizungusha.

Jeti kuu ipande hatua moja moja. Keihin huenda kwa hatua kama 105, 108, 110. Ekzosi ya nne-kwa-moja yenye sailensa, boksi la chujio la asili likiwa mahali pake, kwa kawaida huhitaji hatua moja au mbili. Ukitoa boksi na kuweka vichujio vidogo vya kila kabureta, umeongeza kazi mara tatu, na mimi ningeliacha boksi lilipo. Namba za Keihin na za Mikuni hazipimwi kwa kanuni moja, usilinganishe.

Plagi isomwe kwa utaratibu, si baada ya kuzunguka mjini. Weka plagi mpya. Kwenye barabara tupu na iliyonyooka, gia ya tatu, kamua mafuta hadi mwisho kwa sekunde kama kumi, kisha zima kwa swichi na ukamate klachi kwa wakati mmoja. Usiiache iungurume. Toa plagi, tazama chini kabisa ya kauri, si ncha. Nyeupe kabisa ni hatari, masizi meusi makavu ni mafuta mengi, na pete ya kahawia nyepesi ndiyo unayoitaka. Ukiwa na wasiwasi, baki upande wa mafuta mengi kidogo.

Na mwinuko usisahauliwe. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Pikipiki iliyopimwa vizuri Nairobi ikishuka pwani inakonda. Anayeishi bara na kusafiri pwani abebe jeti moja au mbili kubwa zaidi mfukoni.

"Ikipiga baruti, jeti ni ndogo"

Mara nyingi ni hewa inayoingia kwenye kiungo cha bomba na silinda hedi. Gasketi ya shaba hubanwa mara moja, ukiirudisha, inavuja. Weka mpya kila unapofungua. Funga bomba na sailensa zote kwa kulegeza kwanza, kisha kaza nati za bomba kwenye hedi kwa zamu, pande zote sawa, kama Nm 10 kwa stadi za milimita 6, ndipo ukaze mabano ya nyuma. Ukianza nyuma, bomba linakaa likiwa limepinda, na stadi ya miaka hamsini haitakuonea huruma. Baada ya injini kupata moto na kupoa, kaza tena.

"Bomba limekuwa la bluu, injini inaungua"

Labda. Mabomba ya asili ya CB750 yalikuwa na kuta mbili, ndiyo maana kromu yake ilibaki nyeupe. Bomba jipya la ukuta mmoja litapata bluu karibu na hedi hata mchanganyiko ukiwa sawa. Bluu ikishuka mbali chini, kagua taiming kabla ya jeti.

"Sauti kubwa ndiyo nguvu"

Ni sauti.

"Hata tustroki, toa vya ndani"

Hapa ndipo mtu wa "kubana" anapopata nusu ya ukweli na kuitumia vibaya. Kwenye pikipiki za stroki mbili (tustroki) kama Yamaha RD350 au DT175, koni ya nyuma ndani ya ekzosi hurudisha wimbi linalosukuma mchanganyiko uliotoroka uingie tena silindani kabla mlango wa ekzosi haujafungwa. Ukikata koni, umekata nguvu. Kibomba cha mwisho kikiwa chembamba mno, joto linapanda na pistoni inakwama. Kikiwa kipana mno, wimbi linadhoofika. Kinachotakiwa kutolewa ni kaboni: vuta kibafu (kile cha ndani ya sailensa kinachopunguza kelele), kichome au kikwangue, kirudishe.

Kabla ya kulipa

Angalia kama kikombe cha filta ya oili mbele ya injini ya CB750 kinatoka bila kuvua mabomba. Angalia stendi ya katikati itasimamia nini, maana kwenye baadhi ya Honda hizi mpira wake uliegemea sailensa ya kushoto uliyoitoa. Hakikisha kiini cha sailensa kinafunguka ili pamba yake ibadilishwe. Na kile kitambaa cha kuzungushia bomba kiache dukani: kikilowa kinashika maji, na bati jembamba linaoza chini yake bila wewe kuona.