Kwa nini watu wengi waliokulia Arusha na Moshi wana meno ya kahawia?

Mtu wa Arumeru akifika Dar es Salaam, akicheka tu anaambiwa: wewe umetoka Arusha. Maelezo yanayofuata huwa mawili: hapigi mswaki, au maji ya kule yamempaka meno rangi. Yote mawili yanakosea, na la kwanza ni la kuumiza, kwa sababu linamtupia lawama mtoto anayesugua meno asubuhi na jioni. Mswaki husafisha uso wa jino. Hitilafu hii imo ndani, na ilianza kabla jino halijatokeza kwenye fizi.

La pili lina chembe ya ukweli, maana chanzo ni maji kweli. Lakini mtu aliyekulia Pwani, akahamia Usa River, huko Arumeru, meno yake yote yakiwa yameshaota, hunywa maji yaleyale kwa miaka mingi bila kupata madoa hayo. Ingekuwa ni kupakwa rangi, naye angepakwa.

Mhusika ni floraidi, aina ya madini ambayo maji huiyeyusha yanapopita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na majirani zake. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Baadhi ya vyanzo vya Arumeru huvuka kiwango hicho mara kadhaa, ingawa kisima cha jirani kinaweza kuwa salama.

Enameli, lile ganda gumu la jino, ni fuwele, yaani chembe ngumu zilizojipanga kama za chumvi, za kalsiamu na fosfati. Mwili huanza kwa kutandaza protini, fuwele zikakua katikati yake, kisha protini ikaondolewa ili fuwele zinenepe na kubanana. Ni kama nguzo ya zege: mbao hufungwa kwanza, na zege likishika hutolewa. Floraidi ikizidi, protini huchelewa kutoka, kana kwamba vipande vya mbao vimesahauliwa ndani ya zege. Jino huota likiwa na vitundu vidogo mno, jeupe kama chaki, halafu vitundu hivyo hufyonza rangi polepole. Wataalamu bado wanabishana ni hatua gani hasa floraidi huivuruga. Kwamba huivuruga, hawabishani.

Kwa meno ya ukubwani, hatari ni tangu kuzaliwa hadi miaka 8 hivi. Kuchemsha maji hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki. Magadi ya kulainishia maharage nayo yanaweza kuiongeza.

Ajabu ni kwamba floraidi hiyohiyo, ikiwa kidogo kwenye dawa ya meno, huingia katika fuwele na kuziimarisha dhidi ya asidi.

Mfupa umejengwa kwa madini ya jamii moja na jino, nao huivuta floraidi vilevile. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huko Arumeru, kimeitumia tabia hiyo kupunguza floraidi kwenye maji: maji hupitishwa kwenye chenga za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, floraidi inanasa humo. Chenga zikishiba, hubadilishwa.